Mwongozo kamili wa kuchagua monita pana iliyopinda kwa kazi za ofisini

Muuzaji wa monita atakutajia kwanza inchi, halafu mpindo, kisha atakuwashia video ya milima na bahari inayoteleza kutoka ukingo hadi ukingo. Vyote vinapendeza, lakini havikuambii kama utaweza kusoma mkataba mrefu huku jedwali la hesabu likiwa wazi pembeni. Kwa mtu wa ofisini, monita ni chombo cha kusomea maandishi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ndiyo maana hapa tunaanza na kazi na meza, tunaingia kwenye pikseli, na mpindo wenyewe tunaukuta katikati ya njia.

Monita pana ni ile ambayo upana wake unapita mara mbili ya kimo chake. Za kawaida zina uwiano wa 16:9. Hizi zina 21:9, na zilizo pana zaidi zina 32:9, yaani monita mbili za kawaida zilizounganishwa bila fremu katikati. LG ilitoa ya inchi 29, bapa, mwaka 2012, na mwaka 2014 ikaonyesha ya inchi 34 iliyopinda. Leo karibu kila kampuni ya monita inazo, na tofauti kati ya inayofaa ofisini na isiyofaa mara nyingi imefichwa kwenye maandishi madogo nyuma ya boksi.

Hatua ya 1: Angalia kama kazi yako inalala au inasimama

Itazame kazi yako ya wiki moja. Ni madirisha mangapi unayohitaji kuyaona kwa wakati mmoja? Sisemi yaliyofunguliwa, maana hayo hayana idadi. Nasema yale ambayo jicho linahama kati yake kila dakika. Mhasibu anayelinganisha taarifa ya benki na leja, mtafsiri mwenye matini mbili kando kwa kando, mchambuzi mwenye jedwali la safuwima nyingi, mhariri wa video mwenye mstari mrefu wa klipu: kazi ya hawa inalala, inataka upana. Katika Excel, safuwima zikiwa na upana wake wa kawaida na ukuzaji ukiwa asilimia 100, skrini ya pikseli 1920 kwa upana (pikseli ni nukta ndogo zinazounda picha) inaonyesha safuwima zisizofika 30. Ya pikseli 3440 inapita 50.

Wapo pia ambao kazi yao inasimama. Anayesoma hukumu, tasnifu au msimbo wa programu anataka mistari mingi kutoka juu hadi chini, na hapo monita pana haimsaidii kama anavyodhani. Ya inchi 34 ina kimo kilekile cha monita ya kawaida ya inchi 27. Ya inchi 29 ina kimo cha monita ya inchi 23. Mtu akitoka kwenye inchi 27 akanunua ya inchi 29 akiamini amepanda, atakuta amepata upana kidogo na kupoteza kimo. Msomaji wa namna hii atanufaika zaidi na monita inayoweza kuzungushwa ikasimama wima, jambo ambalo monita pana iliyopinda haikuundiwa.

Wachoraji wa ramani za majengo na wabunifu wa kurasa nao wafikiri mara mbili. Mstari ulionyooka ukipita kwenye kioo kilichopinda huonekana umejikunja kidogo. Wengi huzoea, lakini kama mkate wako unatokana na kuamua kwa jicho kama mstari umenyooka, usijitafutie mashaka.

Halafu kuna suala la mikutano ya mtandaoni, ambalo watu huligundua wakiwa wameshalipa. Ukionyesha skrini nzima ya 21:9, mwenzako mwenye laptopu ndogo anapata utepe mwembamba, weusi juu na chini, na maandishi ya kukodolea macho. Ukiwa na ya 32:9 ni balaa zaidi. Dawa ni kuonyesha dirisha moja badala ya skrini nzima, au kuchagua sehemu ya skrini, kama Zoom inavyoruhusu. Kama kutwa unaonyesha watu kazi huku ukirukaruka kati ya programu nne, basi monita mbili za kawaida zitakutumikia vizuri zaidi: moja ya kuonyesha, nyingine ya siri zako.

Kuna kundi moja ambalo monita pana inaliokoa kabisa. MacBook Air zenye chipu za M1 na M2 zinakubali monita moja tu ya nje kwa njia ya kawaida. Monita pana inahesabiwa kuwa moja, hivyo mwenye kompyuta hizo anapata nafasi ya monita mbili bila kununua vifaa vya kuizunguka sheria hiyo.

Hatua ya 2: Pima meza, kisha kata boksi

Inchi zinapimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, na mshazari haukuambii chochote kuhusu meza yako. Vipimo vya skrini yenyewe bila fremu ni takriban hivi:

– inchi 29: upana sentimita 67, kimo 28
– inchi 34: upana 80, kimo 33.5
– inchi 38: upana 89, kimo 37
– inchi 40: upana 93, kimo 39
– inchi 49: upana 120, kimo 34

Tafuta boksi la karatasi ngumu, kata kipande cha ukubwa unaoufikiria, kisimamishe mezani pale monita itakapokaa, ukae kwenye kiti chako. Tazama kona ya kushoto, kisha ya kulia. Macho yakifika bila shingo kugeuka sana, uko salama. Ukijikuta unageuza mabega, ukubwa huo umekushinda, au meza imekushinda. Jaribio hili halina gharama na linakata ubishi kuliko mapitio yoyote ya video.

Kina cha meza ndicho kinachowaangusha wengi. OSHA, mamlaka ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza skrini iwe umbali wa sentimita 50 hadi 100 kutoka machoni. Kwa inchi 34, mimi ningesema 65 hadi 80. Sasa kumbuka kwamba stendi za monita pana zina miguu mirefu, na zilizopinda ncha zake zinakuja mbele zaidi ya katikati yake. Kwenye meza ya kina cha sentimita 60 iliyosukumwa ukutani, skrini inaweza kukukaribia kuliko unavyotaka, na kibodi ikabaki ukingoni. Meza ya sentimita 75 au 80 inamaliza tatizo. Kama huwezi kuibadilisha, jiandae kwa mkono wa kubebea monita, nitakaourudia.

Ya inchi 49 inahitaji meza ya angalau sentimita 140 kwa upana, tena hapo hujaweka taa, simu wala kikombe.

Hatua ya 3: Pikseli, mahali pa mtego

Ukikumbuka kitu kimoja tu dukani, kiwe hiki: monita mbili za inchi 34 zinaweza kufanana kila kitu kwa nje, moja ikafaa kusomea na nyingine isifae. Moja ina pikseli 2560 x 1080, nyingine 3440 x 1440. Boksi ni lilelile na picha ni ileile. Tofauti iko kwenye msongamano wa pikseli, yaani ni pikseli ngapi zinakaa katika inchi moja.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha pikseli za upana kwa zenyewe, za kimo kwa zenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa inchi za monita. Kwa 3440 x 1440 kwenye inchi 34 unapata karibu 110. Kwa 2560 x 1080 kwenye inchi hizohizo unapata 82. Sasa linganisha na monita ya kawaida ya ofisi, inchi 24 yenye pikseli 1920 x 1080: hiyo ina 92. Maana yake ni kwamba mwenye monita ya kawaida akinunua ile pana ya 2560 x 1080 ya inchi 34, herufi zake zitakuwa na meno kuliko alikotoka. Pikseli 2560 x 1080 zinakaa vizuri kwenye inchi 29 tu, ambako msongamano ni 96.

Mtego huohuo uko kwenye inchi 49. Zipo za 3840 x 1080, zenye msongamano wa 81, na za 5120 x 1440, zenye 109. Za kwanza zilitengenezwa kwa ajili ya wacheza michezo. Samsung CHG90 ya mwaka 2017 ni mfano. Za pili ndizo za ofisini, kama Dell U4919DW iliyotoka mwaka 2018, na ni sawasawa na monita mbili za inchi 27 zenye 2560 x 1440 zilizounganishwa. Muuzaji akikwambia «ni ileile, hii ni ya bei nafuu», uliza pikseli za kimo. Jibu likiwa 1080 kwenye inchi 34 au 49, mshukuru na uendelee na safari.

Inchi 38 yenye 3840 x 1600 haizungumziwi sana, nami naona inastahili zaidi. Msongamano wake ni karibu 110, kwa hiyo herufi zina ukubwa uleule wa inchi 34, lakini unapata pikseli 160 zaidi za kimo. Kwenye jedwali hizo ni safumlalo 8 zaidi kwa vipimo vya kawaida vya Excel. Kwa anayelalamika kwamba monita pana ni fupi, hii ndiyo jibu.

Inchi 40 yenye 5120 x 2160 ni ngazi nyingine. Msongamano wake ni kama 140, maandishi yanakaa makali kama yaliyochapwa. Lakini bila kukuza, herufi zitakuwa ndogo mno kwa wengi. Katika Windows ukiweka ukuzaji wa asilimia 125 unabaki na nafasi sawa na 4096 x 1728, ambayo bado ni kubwa kuliko ya inchi 38, na herufi ni safi zaidi. Kwenye macOS mambo si laini hivyo. Mfumo huo hupendelea msongamano wa karibu 110 au wa karibu 220. Ukiwa katikati, picha inachorwa kubwa kisha inapunguzwa, na wenye macho makini huona maandishi yamelegea kidogo. Mtu wa Mac asiyetaka kuhangaika na mipangilio abaki kwenye 110.

Hatua ya 4: Mpindo

Namba kama 1800R ni nusu kipenyo cha duara kwa milimita. Ukiweka monita nyingi za 1800R kando kwa kando hadi duara lifunge, kutoka katikati hadi kwenye skrini ni mita 1.8. Namba ikipungua, mpindo unaongezeka: 1000R umepinda sana, 3800R unakaribia kuwa bapa.

Mpindo una kazi moja ya maana, nayo ni kupunguza tofauti ya umbali kati ya katikati ya skrini na ncha zake. Chukua skrini bapa ya inchi 34 ukiwa umekaa sentimita 70 mbele yake. Ncha zake ziko karibu sentimita 81 kutoka kwako, tofauti ya 11. Ukiipinda kwa 1800R, tofauti inashuka hadi chini ya 7. Ni faida, ila si ya kuuzia shamba. Sasa chukua ya inchi 49 kwa umbali uleule: ikiwa bapa, ncha ziko sentimita 22 mbali zaidi ya katikati. Kwa 1800R inakuwa 14, na kwa 1000R inakuwa 7. Hapo mpindo si pambo tena, kwa sababu bila huo macho yangekuwa yanabadilisha umbali wa kulenga kila unapohama dirisha, na ncha ungezitazama kwa upande.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii: kwa inchi 29 usilipie mpindo hata kidogo. Kwa inchi 34 hadi 40, chochote kati ya 1800R na 3800R kinafaa, na kama kazi yako ina mistari iliyonyooka, elekea kwenye namba kubwa. Kwa inchi 49, 1800R ndiyo kikomo cha ubapa ambacho ningekikubali.

1000R kwenye inchi 34 ni kwa ajili ya michezo. Inakutaka ukae katikati kabisa, karibu, peke yako. Ofisini mwenzako husimama nyuma ya bega lako muangalie jambo pamoja, na kutoka pale aliposimama skrini iliyopinda sana inamwonyesha ncha moja vizuri na nyingine imejificha.

Kuna jambo la mwanga pia. Skrini iliyopinda huuvuta mwako wa dirisha ukaenea kuliko kwenye bapa, na taa moja ya darini inaweza kuonekana kama mstari mrefu. Weka monita ili dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala nyuma yako, na chagua kioo kisichong'aa.

Hatua ya 5: Aina ya paneli

Paneli ni teknolojia ya skrini yenyewe, na utakutana na tatu: IPS, VA na OLED. Kwa ofisi, chukua IPS. Rangi zake hazibadiliki ukisogea, na maandishi ni safi. Kasoro yake ni kwamba nyeusi yake ni kijivu cheusi: utofauti kati ya nyeupe na nyeusi ni karibu 1000:1, ingawa zile zinazoitwa IPS Black hufika 2000:1 na zaidi. Ofisi yenye taa ikiwaka haikuonyeshi tofauti hiyo sana.

VA ina 3000:1 na zaidi, na mara nyingi ni nafuu. Shida yake inajitokeza kwa wanaopenda mandhari meusi kwenye programu zao: pikseli zake huchelewa kutoka kwenye weusi, na ukisogeza ukurasa herufi huacha kivuli nyuma yake. Kama unatumia kurasa nyeupe kutwa nzima, hutakiona kamwe.

OLED ni nzuri mno kwa filamu, na ndiyo maana naiogopa mezani. Kazi za ofisini zina vitu visivyohama: upau wa chini, utepe wa vitufe vya Excel, kichwa cha barua pepe. Vikikaa mahali pamoja miezi na miezi vinaweza kuacha alama ya kudumu. Zaidi ya hapo, mpangilio wa vijipikseli vyake vya rangi si ule ambao mifumo ya kompyuta imezoea kuulainishia herufi, hivyo kingo za maandishi huweza kuwa na kivuli cha rangi. Matoleo mapya yamepunguza tatizo, lakini ofisini sioni sababu ya kulipia hatari hiyo.

Mwangaza wa niti 300 hadi 350 unatosha chumba cha kawaida. Hakikisha taa za nyuma hazimemeti unapopunguza mwangaza; tafuta maelezo yanayosema hivyo waziwazi, kwani kumemeta huko ni chanzo cha kichwa kuuma kwa baadhi ya watu. Hetsi, yaani mara ambazo picha inachorwa upya kila sekunde, 60 zinatosha kwa kazi. Kati ya 75 na 120 unahisi ulaini unaposogeza kurasa ndefu, na ukizoea hutaki kurudi. Zaidi ya hapo pesa yako inakwenda kwa wacheza michezo.

Hatua ya 6: Kebo na matundu

Monita nyingi zinazolaumiwa kuwa mbovu si mbovu. Zimeunganishwa kwa kebo isiyofaa. Anza na kompyuta yako, siyo na monita: ina tundu gani, na la toleo gani?

HDMI 1.4, iliyojaa kwenye laptopu za zamani, ikikutana na 3440 x 1440 mara nyingi huishia hetsi 50 au chini. Kasi ya 30 utaitambua mara moja, maana kishale cha kipanya kinaruka badala ya kuteleza. HDMI 2.0 inabeba gigabiti 18 kwa sekunde na inatosha 3440 x 1440 hadi hetsi 100, na 5120 x 1440 kwa 60. Kwa 5120 x 2160 haifikishi 60 kwa rangi kamili. Unahitaji HDMI 2.1 au DisplayPort, aina nyingine ya tundu la picha. DisplayPort 1.2 inaiweza kwa shida, 1.4 inaiweza bila wasiwasi.

Kinachobadilisha maisha ofisini ni USB-C. Kebo moja inapeleka picha, inachaji laptopu, na inarudisha kibodi na kipanya. Lakini umbo la tundu halikuambii linafanya nini. Lipo tundu la USB-C linalochaji tu, lipo la data tu, na lipo linalotoa picha. Soma karatasi ya kompyuta yako utafute maneno DisplayPort, Thunderbolt au USB4 pembeni ya tundu hilo. Kisha tazama monita inatoa wati ngapi. Laptopu nyembamba zinaridhika na 65. Nyingine za kazi nzito zinataka 90 au zaidi. Monita ikitoa pungufu, betri itashuka polepole huku umechomeka, jambo linaloudhi kuliko kutochaji kabisa.

Hapa kuna siri ambayo karatasi za matangazo haziigusi. Ndani ya kebo ya USB-C kuna njia nne za kasi. Picha ikichukua mbili, mbili zinabaki kwa data ya haraka. Ikichukua zote nne, matundu ya USB yaliyo nyuma ya monita yanashuka hadi kasi ya USB 2.0. Kwa DisplayPort ya kiwango cha 1.2, njia mbili zinabeba gigabiti 8.64 za picha kwa sekunde. Monita ya 3440 x 1440 kwa hetsi 60 inataka chini kidogo ya 8, kwa hiyo inapenya. Ya 5120 x 1440 inataka zaidi ya 10, haipenyi. Ndiyo maana mwenye inchi 49 anaweza kunakili faili kutoka kwenye diski ya nje na kuona mwendo wa kobe bila kujua mchawi ni nani. Monita nyingi zina chaguo kwenye menyu yake la kuchagua kati ya kasi ya picha na kasi ya data. Thunderbolt haina shida hii, ila inaongeza bei.

Kebo iliyokuja ndani ya boksi itumie kwanza kabla ya kutafuta nyingine. Kebo ya simu ya USB-C haitaleta picha hata ukiiombea.

Hatua ya 7: Stendi na mkono

Stendi isiyopanda wala kushuka si stendi. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na anayevaa miwani ya kusomea ya ngazi mbili aishushe zaidi, la sivyo atakaa ameinua kidevu kutwa nzima.

Ukitaka mkono wa kubebea, tafuta mashimo ya skrubu ya kiwango cha VESA nyuma ya monita, kwa kawaida ya milimita 100 kwa 100. Kisha pima uzito bila stendi: inchi 34 nyingi ziko kati ya kilo 5 na 8, na za inchi 49 hupita 10. Usinunue mkono ambao uzito wa monita uko kwenye ukomo wake. Skrini iliyopinda ina uzito unaoelekea mbele, na mkono ulioelemewa utainamisha skrini taratibu. Meza ya kioo au ya ubao mwembamba wa kubana pia iangalie kabla hujakaza skrubu.

Hatua ya 8: Nyongeza

Mwenye kompyuta mbili, ya kazi na yake, atafute monita yenye swichi ya KVM: kibodi moja na kipanya kimoja vinahama kati ya kompyuta kwa kubonyeza kitufe. Ikiwa na uwezo wa kuonyesha kompyuta zote mbili kando kwa kando, bora zaidi. Tundu la mtandao wa kebo nyuma ya monita ni zawadi kwa laptopu zisizo nalo. Spika za ndani ni za milio ya arifa tu. Kamera iliyojengwa ndani si lazima, lakini kumbuka kwamba ukiiweka kamera yako juu katikati na dirisha la mkutano likawa kona ya kulia, wenzako watakuona unaongea na ukuta.

Hatua ya 9: Gawanya skrini kabla hujaanza kazi

Kosa la siku ya kwanza ni kupanua dirisha moja lijaze skrini nzima. Mstari wa maandishi wa pikseli 3440 hausomeki. Jicho linapotea likirudi kuanza mstari unaofuata. Kosa la pili ni kugawanya nusu kwa nusu. Ukifanya hivyo, katikati mbele ya uso wako ni mpaka, na kazi zote mbili ziko pembeni, shingo imegeuka mchana kutwa.

Gawanya sehemu tatu. Katikati iwe nusu ya skrini, pembeni robo na robo. Kwa 3440 hiyo ni pikseli 860, 1720 na 860. Hati unayoiandika ikae katikati. Barua pepe, ujumbe, kamusi au taarifa za kurejelea zikae pembeni. Windows 11 inakupa mipangilio ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na Z, na programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys ina FancyZones, ambayo inakuruhusu kuchora mipaka yako mwenyewe. macOS Sequoia ya mwaka 2024 ilileta upangaji wa madirisha ndani ya mfumo. Ukitaka zaidi, programu ya Rectangle inatosha. Kwenye Linux, KDE Plasma kuanzia 5.27 ina kitu kama hicho.

Hatua ya 10: Ikague kabla muda wa kurudisha haujaisha

Siku monita inapofika, ingia kwenye mipangilio ya kompyuta uhakikishe pikseli na hetsi ni zile ulizolipia. Mara nyingi utakuta mfumo umechagua kiwango cha chini.

Zima taa, fungua picha nyeusi tupu. Kwenye IPS utaona mng'ao kwenye kona, na ukisogeza kichwa unahama. Huo ni wa kawaida. Mwanga usiohama, uliokaa kama doa ukingoni, ni wa taa za nyuma kuvuja, na ukiwa mkali ni sababu ya kurudisha. Kisha weka nyeupe tupu na kijivu tupu, utafute madoa ya kiza na pikseli zilizokufa. Kiwango cha ISO 9241-307 kinaweka madaraja ya kasoro za pikseli, na kampuni nyingi zinaruhusu kadhaa bila kukubadilishia, kwa hiyo soma dhamana uone yako imeahidi nini kabla hujapiga simu kwa hasira.

Baada ya hapo fanya kazi ya kweli. Fungua jedwali lako zito, soma hati ndefu, fanya mkutano mmoja na umwombe mwenzako akuambie anachokiona. Iache kompyuta ilale, iamshe, uone kama madirisha yanarudi mahali pake au yanarundikana upande mmoja. Angalia macho yanakuwaje saa za jioni. Yakichoka, punguza mwangaza mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi iliyo mezani, ndipo uilaumu monita. Na boksi pamoja na maboya yake yote ya ndani uyahifadhi mpaka muda wa kurudisha upite, maana skrini iliyopinda haisafirishwi salama ndani ya boksi la kuokoteza.